Uzi: Nimetibiwa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na hivi ndivyo kazi yangu ilivyonirudia kidogo kidogo

Mtunza Hesabu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimesoma mengi humu kuhusu ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao wataalamu huuita apnia ya usingizi, na karibu yote yanahusu moyo, shinikizo la damu na kisukari. Sijaona uzi unaomfuata mgonjwa hadi kazini kwake. Nimeufungua huu kwa sababu kitu cha kwanza ugonjwa huu ulichoniharibia kilikuwa kazi, na kwa sababu baada ya kuanza matibabu nimekuta kwamba baadhi ya mambo yalirudi ndani ya wiki moja na mengine hayajarudi mpaka leo, ambapo niko katika mwezi wa kumi na moja wa matibabu. Ningependa tujadili kwa nini iko hivyo.

Kazi yangu ni kutunza hesabu. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nasuluhisha akaunti nne za benki, na kwa kweli hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyokuwa naipenda kuliko zote. Mwezi mmoja nilikaa kutwa nzima nikitafuta tofauti ya 540 kati ya daftari letu na taarifa ya benki. Mtunza hesabu yeyote anajua kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki inamtaka aanze kutafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Nimeitumia kanuni hiyo miaka na miaka, lakini siku hiyo haikunijia kabisa. Ilipofika jioni ndipo nilipoliona kosa: 1,820 ilikuwa imeandikwa 1,280, na aliyeiandika nilikuwa mimi. Kando ya kiasi hicho, katika nafasi ya maelezo, herufi moja ilikuwa imejirudia hadi mwisho wa mstari, kwa kuwa usingizi ulikuwa umenipitia kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Sikuwa na kumbukumbu yoyote ya kulala.

Baada ya miezi kadhaa ya makosa ya namna hiyo, na baada ya kusinzia mara mbili katika vikao, nilipewa onyo la maandishi lililotaja uzembe, na zile akaunti nne zikahamishiwa kwa mwenzangu. Sikukata rufaa, maana hata mimi niliamini kwamba ni uzembe. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nane, akaamka na kichwa kizito na koo kavu, kisha akasinzia saa nne asubuhi, atajitetea kwa lipi? Mke wangu ndiye aliyenieleza kwamba kukoroma kwangu hukatika ghafla, chumba kikawa kimya, naye hubaki macho akisubiri nivute pumzi tena. Maneno yake hayo ndiyo yaliyonipeleka kwa daktari, na kipimo cha usingizi kikaonyesha kwamba pumzi yangu hukatika au kupungua sana mara 41 kwa saa, yaani kwa wastani kila dakika moja na nusu.

Kwa wasioufahamu ugonjwa huu, mtu anapolala misuli ya koo hulegea, na kwa baadhi yetu ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa huanguka na kuziba njia ya hewa kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hushuka, ubongo hushtuka kwa muda mfupi ili koo lifunguke, kisha mtu hulala tena bila kujua lolote. Wataalamu huhesabu matukio hayo kwa saa: kuanzia 5 hadi 15 ni hafifu, 15 hadi 30 ni wastani, na kuanzia 30 ni kali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema kwamba watu wazima milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu kwa kiwango kimojawapo, na kati yao milioni 425 wako katika viwango viwili vya juu. Tazameni umri huo. Hao ndio watu walio kazini.

Mimi natumia mashine ya CPAP, pampu ndogo inayovuta hewa ya chumbani na kuipuliza kwa shinikizo kupitia barakoa ya puani, ili hewa hiyo ilishikilie koo lisijifunge. Aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaandika taarifa ya wagonjwa watano wa kwanza. Kabla ya hapo, tiba ya uhakika kwa aliyekuwa na hali kali ilikuwa upasuaji wa kutoboa tundu shingoni, chini ya mahali panapoziba. Huwa nawafikiria sana watu wa wakati ule waliolazimika kuchagua kati ya tundu shingoni na kusinzia kazini hadi wafukuzwe.

Sasa mpangilio wenyewe. Usingizi wa mchana uliondoka kwanza. Katika wiki ya kwanza niliacha kujifungia stoo wakati wa mapumziko ili nilale. Hasira zilifuata: nilikuwa mtu wa kujibu kwa mkato, na wenzangu walianza kunisemesha bila kujiandaa. Umakini ulirudi polepole zaidi, kwa miezi, na hata sasa nikichoka hupungua. Imani ya watu kwangu ndiyo ambayo bado. Akaunti zile ziko kwa mwenzangu, na kila nikichelewa kujibu swali ninaona wakubwa wakiniangalia machoni kuhakikisha kwamba yako wazi.

Naomba michango yenu, hasa ya wale waliotibiwa kwa muda mrefu kunishinda.

Dereva wa Masafa

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuliweka jambo hili wazi. Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu, na kwetu ugonjwa huu una sura nyingine, kwa kuwa kosa letu halirekebishwi kwa kalamu.

Niseme kwanza lile linalotufunga midomo, nalo ni leseni. Madereva wengi wanaamini kwamba wakipimwa na kukutwa na ugonjwa, mkate wao umeishia hapo. Ukizisoma sheria za nchi zilizoandika habari hii utaona kwamba sivyo zilivyokusudia. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2014, unamruhusu dereva mwenye hali ya wastani au kali inayoambatana na usingizi mzito wa mchana aendelee na leseni iwapo ugonjwa umedhibitiwa, anatumia matibabu ipasavyo na usingizi wake umepungua, naye huchunguzwa upya angalau kila baada ya miaka 3 kwa magari ya kawaida na kila mwaka kwa malori na mabasi. Kwa hiyo anayetibiwa na kuthibitisha huendelea kufanya kazi. Aliye hatarini kuipoteza leseni ni yule anayeficha mpaka ajali imfichue.

Jambo la pili ni ushahidi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia madereva wa kampuni moja kubwa ya malori iliyokuwa ikiwapima na kuwapa matibabu. Madereva wenye ugonjwa ambao hawakutumia mashine kabisa walikuwa na ajali kubwa zinazoweza kuzuilika kwa kiwango cha mara 5 zaidi ya wenzao wasio na ugonjwa. Waliotumia mashine hawakutofautiana na wenzao hao. Niliposoma hivyo nilikaa nje ya gari muda mrefu, nikizihesabu safari nilizofanya kabla ya kutibiwa.

Kwa upande wa maisha ya barabarani, mashine yangu hufanya kazi kwa umeme wa gari, kwa waya maalumu wa kubadilisha nguvu ya betri. Kinachokula umeme zaidi ni kile kichombo cha kupasha maji ili hewa iwe na unyevu, kwa hiyo nikilala injini ikiwa imezimwa hukizima, nikaridhika na pua kavu kidogo. Kila asubuhi hufuta barakoa kabla ya kugusa usukani. Mashine huandika saa nilizoitumia, na takwimu hizo mwajiri wangu huziona. Mwanzoni nilihisi kwamba nafuatiliwa hadi kitandani, na sitaficha kwamba hisia hiyo haijaisha kabisa, lakini siku niliposhutumiwa kusinzia baada ya kugongwa kwa nyuma, takwimu hizohizo ndizo zilizonitetea.

Muuguzi wa Zamu

Naomba nichangie kwa pande mbili, kama muuguzi na kama mgonjwa.

Wanaofanya kazi za zamu huambiwa kwamba uchovu wao ni wa zamu, basi habari ikaishia hapo. Mimi niliambiwa hivyo na wenzangu, tena wenye ujuzi, kwa miaka 3. Isitoshe, kwa wanawake dalili mara nyingi hazilingani na picha iliyozoeleka ya mwanamume mnene anayekoroma kwa kishindo. Mimi nilikuwa na uchovu usioisha, kichwa kuuma asubuhi, usingizi wa mang'amung'amu na huzuni, nikatibiwa huzuni. Mtu anaweza kuwa mwembamba na akawa na ugonjwa huu, kwa sababu umbo la taya na wembamba wa koo navyo vina nafasi yake.

Kwa mfanyakazi wa zamu, ushauri wangu mkubwa ni kwamba mashine iufuate usingizi popote utakapoangukia. Wenzetu wengi huivaa usiku wa mapumziko tu, kisha wakitoka zamu asubuhi wanajitupa kitandani bila barakoa kwa kuwa "ni usingizi wa mchana". Koo haliangalii saa ya ukutani. Hata kwenye lepe la dakika 30 la katikati ya zamu, mashine yangu huwa kando yangu. Nilipoanza, alama za mikanda zilibaki mashavuni kwa saa nzima, na nilikuwa naingia wodini nikiwa nimefunika uso kwa kiganja. Siku moja mgonjwa mmoja mzee aliniuliza alama zile ni za nini, nikamweleza. Akaniambia kwamba mwanawe analala vilevile kama nilivyokuwa nalala mimi. Tangu siku hiyo sijafunika tena.

Kuna tukio ambalo watu wa zamu wanapaswa kulijua. Tarehe 1 Desemba 2013 treni ya abiria iliacha reli katika eneo la Bronx, New York, baada ya kuingia kwenye kona kwa mwendo wa karibu kilomita 132 kwa saa mahali panaporuhusiwa kilomita 48, na watu 4 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba dereva alikuwa amepitiwa na usingizi, kwamba alikuwa na apnia kali ambayo haikuwahi kugunduliwa, na kwamba wiki 2 kabla ya ajali ratiba yake ilikuwa imehamishwa kutoka zamu ya jioni kwenda ya alfajiri. Ugonjwa na zamu viliungana. Ndiyo maana nasikitika ninapoona zamu zinapangwa upya kwa kalamu tu, bila mtu kuulizwa analalaje.

Mtunza Hesabu (mleta mada)

Nawashukuru sana. Hoja ya Muuguzi kwamba mashine iufuate usingizi inanipeleka kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha mada nzima, nalo ni saa.

Mwaka 2007 watafiti walilinganisha saa za kuvaa barakoa na mabadiliko yaliyopatikana. Waligundua kwamba faida zina viwango tofauti: kwa hisia ya mtu mwenyewe kwamba hana usingizi, nafuu iliendelea kuongezeka hadi takriban saa 4 kwa usiku, kwa kipimo cha maabara kinachoonyesha mtu husinzia upesi kiasi gani mchana, ilifika saa 6, na kwa uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, ilifika saa 7 na nusu. Hawakusema kwamba kila mtu hupona akifikia hapo, kwa kuwa wapo waliobaki na dalili. Lakini ona maana yake kwa mfanyakazi. Anayevaa saa 4 atakuambia kwa moyo safi kwamba yuko sawa, na hatakuwa anadanganya, ilhali mwili wake bado una deni ambalo hisia zake haziwezi kulisoma. Saa 4 ndizo zinazotumika mahali pengi kama alama ya mgonjwa anayefuata matibabu, na mimi naona kwamba kwa mtu anayerudi kazini alama hiyo iko chini mno.

Nililipata somo hilo kwa njia yangu. Katika miezi 2 ya mwanzo nilikuwa naivua saa tisa usiku bila hata kujijua, naamka barakoa ikiwa sakafuni. Nilijisikia vizuri, lakini makosa ya tarakimu yaliendelea. Daktari alinieleza kwamba usingizi wa ndoto hujaa zaidi katika sehemu ya mwisho ya usiku, na katika usingizi huo misuli hulegea zaidi, hivyo saa nilizokuwa nazitupa ndizo ambazo koo langu lilikuwa baya kuliko zote. Tatizo lilikuwa barakoa kubwa iliyokuwa ikivujisha hewa hadi machoni. Nilipobadilishiwa, ilikaa usoni hadi asubuhi, na baada ya wiki kadhaa nikaanza tena kuziona tofauti zinazogawanyika kwa 9 kabla sijazitafuta.

Hata hivyo tusiahidi kupita kiasi. Kulikuwa na jaribio kubwa la Marekani, lililochapishwa mwaka 2012, ambapo watu zaidi ya 1,000 waligawanywa kati ya mashine halisi na mashine ya mfano isiyotoa shinikizo la kutosha, wakafuatiliwa kwa miezi 6. Usingizi wa mchana ulipungua kwa waliopata mashine halisi, ilhali vipimo vya kumbukumbu na umakini vilibadilika kidogo sana. Jaribio lingine, la mwaka 2016, lilihusu wagonjwa 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo. Mashine haikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi, na wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 tu kwa usiku, lakini usingizi wa mchana ulipungua, hisia za wagonjwa zikawa nzuri zaidi, na mahudhurio kazini yakaimarika. Wengi walikisoma kipande cha kwanza wakakata tamaa. Mimi kipande cha mahudhurio ndicho kilichonigusa, kwa sababu onyo langu la pili lilihusu kuchelewa.

Msimamizi

Nimesoma uzi huu kwa uzito wa moyo, kwa sababu mimi nipo upande wa pili wa meza. Ninasimamia watu 30 katika karakana yenye mashine za kukata chuma. Niliwahi kumwandikia onyo mtu aliyekuwa akisinzia, akaacha kazi, na baadaye nikasikia kwamba alikutwa na ugonjwa huu. Sina namna ya kuirudisha barua ile.

Naomba kuuliza: msimamizi afanye nini kwa haki? Siwezi kumwacha mtu anayesinzia asimame mbele ya msumeno, na sina mamlaka ya kuwa daktari wake.

Mtunza Hesabu (mleta mada)

Ndugu Msimamizi, swali lako ni zito na nitalijibu kwa kadiri ya niliyoyaishi. Wasiwasi wako una msingi. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti mbalimbali ulikuta kwamba wafanyakazi wenye ugonjwa huu wana uwezekano wa ajali kazini karibu mara 2 ya wasio nao. Kwa hiyo kumwondoa mtu kwenye msumeno kwa muda ni kumlinda, mradi aambiwe kwamba ni kwa muda, ajue atarudishwa kwa kipimo gani, na asipunguziwe ujira kwa kusema ukweli. Ukimpunguzia, wengine 29 watakuwa wamejifunza kunyamaza.

Unapoongea naye, anza na ulichokiona badala ya tabia yake. "Nimekuona umesinzia mara 3 wiki hii, na sijui kwa nini, je, usiku unalala vipi?" Swali hilo lingenifikisha kwa daktari mwaka mzima mapema zaidi. Mpe ruhusa ya kwenda kliniki bila kumkata likizo, kwa kuwa mwanzoni kuna safari nyingi: kipimo, kupimwa barakoa, kurekebisha shinikizo. Habari nyingine inayotia moyo ni kwamba mchana hubadilika upesi. Mapitio ya tafiti za madereva ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba usingizi wa mchana hupungua hata baada ya usiku mmoja wa matibabu, na uendeshaji katika mitambo ya majaribio huimarika ndani ya siku 2 hadi 7. Nafasi unayompa, kwa hiyo, ni ya wiki kadhaa, si ya miaka.

Nami nikuulize wewe, kwa kuwa uko upande huo. Niombe vipi nirudishiwe akaunti zangu? Nilifikiri kupeleka chati za mashine zinazoonyesha saa ninazovaa.

Msimamizi

Usipeleke chati. Chati ni mali yako na ya daktari wako, na bosi anayezipokea mara moja atazitaka kila mwezi. Sisemi hivyo kwa madereva, ambao sheria zina neno juu yao, bali kwa mtu wa ofisini kama wewe. Peleka kazi. Chukua miezi 3 ya kazi uliyonayo sasa, hesabu makosa yaliyorudishwa kwako, weka kando ya miezi 3 ya kabla ya matibabu, na uombe sehemu ndogo badala ya zote nne. Msimamizi aliyekwisha kuumwa na kosa husita kukabidhi kitu kizima, lakini kipande huwa anakitoa, kwa kuwa akikosea hakimgharimu sana. Usiombe radhi kwa ugonjwa. Eleza mara moja kilichotokea na kilichofanyika, kisha zungumza kuhusu kazi.

Bado Nasinzia

Naomba nisaidiwe. Nimetumia mashine miezi 7, saa 6 au 7 kila usiku, na bado nasinzia mchana. Kazini wamekwisha kuniona mwongo, kwa sababu niliwaambia kwamba nimepata tiba. Je, ni mimi peke yangu?

Muuguzi wa Zamu

Hauko peke yako, na wala hujadanganya mtu. Wapo wagonjwa ambao usingizi wa mchana hubaki ingawa pumzi imerekebishwa. Kabla ya kufika kwenye hitimisho hilo, omba mtaalamu azisome takwimu za mashine yako, si saa tu, bali hewa inayovuja na idadi ya matukio yanayobaki, kwani mtu anaweza kuvaa usiku kucha huku mdomo ukiwa wazi na hewa ikipotea. Kisha mwili wote uangaliwe: dawa unazotumia, tezi ya shingo, upungufu wa damu, sonona, na kama saa 6 zenyewe zinakutosha, maana kuna watu hazitoshi. Pombe jioni na dawa za usingizi hulegeza koo, kwa hiyo nazo zitajwe bila kuficha. Yote hayo yakishapimwa, zipo dawa za kuamsha zinazoandikwa na daktari, kama modafinili, ambazo huongezwa juu ya mashine bila kuiondoa.

Mashine pia si njia pekee. Kuna kifaa cha meno kinachosogeza taya ya chini mbele, ambacho huwafaa hasa wenye hali hafifu au ya wastani, na ni rahisi kwa anayesafiri kikazi. Wengine pumzi hukatika wakilala chali tu, basi husaidiwa kulala ubavu. Tangu mwaka 2014 Marekani imeruhusu kifaa kinachopandikizwa kifuani na kuusisimua mshipa wa fahamu wa ulimi, na mwezi Desemba 2024 ikaruhusu dawa ya tirzepataidi kwa wenye unene uliozidi na hali ya wastani au kali. Njia inayofaa hutegemea koo lako lilivyo, na hilo halipimiki hapa jukwaani.

Dereva wa Masafa

Ndugu Bado Nasinzia, naongeza moja tu. Wakati unachunguzwa, usiendeshe gari ukiwa unasinzia, hata kama ni kwenda kazini asubuhi. Omba lifti. Kazini, waambie kwamba matibabu yanaendelea kurekebishwa. Neno "nimepona" nililitumia mwezi wa pili, likanigharimu mwezi wa tatu.

Bado Nasinzia

Asanteni. Nimezitazama takwimu usiku wa leo kwa mara ya kwanza na hewa inayovuja imeandikwa kwa rangi nyekundu karibu kila siku. Nimeomba miadi.

Mtunza Hesabu (mleta mada)

Narudi baada ya wiki 5 kutoa mrejesho, kwa kuwa niliomba ushauri na nimeutumia.

Niliandaa ukurasa mmoja kama Msimamizi alivyoelekeza. Makosa yaliyorudishwa kwangu katika miezi 3 kabla ya matibabu yalikuwa 17. Katika miezi 3 ya karibuni yalikuwa 2. Mkuu wangu aliusoma mara mbili, akaniuliza kama ile mashine ina kelele, nikamjibu kwamba ina mlio mdogo kama wa feni ya mbali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba shemeji yake hukoroma na kusinzia kwenye gari. Tulimzungumza shemeji huyo kwa dakika 20, habari za akaunti zikiwa bado mezani. Nilimweleza kuhusu dodoso la Epworth la mwaka 1991, lenye maswali 8 na jumla ya alama 24, ambapo jumla inayozidi 10 humtaka mtu akapimwe, na nikamwonya kwamba anayehofia kazi yake hujipa alama za chini, kwa hiyo ni vizuri mtu anayelala naye chumba kimoja aulizwe pia.

Nimerudishiwa akaunti moja kati ya nne, ile ndogo, yenye miamala isiyofika 60 kwa mwezi. Mwenzangu ataipitia baada yangu kwa miezi 2. Jana niliisuluhisha kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na tofauti ya 63, nikaipata kabla ya chakula cha mchana: 81 iliyoandikwa 18, na safari hii kosa lilikuwa limetoka benki.